TAHADHARI: Tembo wa Tabora kwenye kasha la NGC. Nimelizwa shilingi milioni 5 za Uganda

Tangu Jumamosi sijalala. Naandika hapa hasira imenikaba kooni, na mkikutana na mama watoto, tafadhali, yeye anajua pesa ziko kwa fundi wa gari. Mniachie hilo nilimalize mwenyewe.

Jamaa anazunguka Kampala na Tembo wa Tabora wa bandia. Ile Rupia 15 ya dhahabu ya Mjerumani, 1916, imefungwa kwenye kasha la plastiki lenye lebo ya NGC, ile kampuni ya Marekani inayopima sarafu na kuzifunga, gredi AU 58, yaani karibu mpya. Msinunue. Hata akikuuzia kwa laki moja, usinunue.

Najua mtasema, "Wewe? Si ndiye uliyekuwa unatusomea darasa?" Ndiyo, ni mimi. Sasa chekeni kwanza, kisha msome.

Alinipigia simu Alhamisi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini kabisa, Kiswahili cha watoto waliokulia kwenye mabati ya askari, na hapo ndipo moyo wangu ulipolainika. Katikati ya Kampala, kutwa unasemeshwa Luganda, halafu mtu anakwambia "shikamoo mzee wangu, mimi mtoto wa kambi kama wewe." Akasema babu yake alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, batalioni ya nne, alikwenda kupigana Tanganyika akarudi na sarafu moja imeshonewa kwenye mkanda. Babu yangu mimi pia alikuwa Keya, na yeye alirudi na kovu tu. Sasa nitamkatalia vipi mtu kama huyo?

Na historia aliijua. Hilo ndilo linaniuma, tapeli alisoma kuliko wengi wetu. Alinieleza jinsi Mwingereza alivyofunga bahari, pesa za Mjerumani zikakauka, ikabidi dhahabu ya mgodi wa Sekenke ipelekwe Tabora, sarafu zikagongwa kwenye karakana ya reli, kama 16,000 hivi tu, kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba 1916. Yote ni kweli! Uongo wake aliupachika mwishoni kabisa, kwamba mjomba wake aliyeko Marekani ndiye aliyeipeleka ikapimwa na kufungwa. Karo za watoto zimembana, hawezi kusubiri mnada wa Ulaya.

Tukakutana Jumamosi saa tisa alasiri, hoteli moja karibu na Wandegeya. Aliwahi kufika. Meza alichagua ya pembeni, chini ya taa ya manjano (taa, ndugu zangu, ile taa!), na chai alikuwa ameshaagiza. Alitoa kitambaa cheupe mfukoni, akakikunjua polepole mara nne, na lile kasha likawa pale katikati. Nilishika lenzi yangu. Tembo ameinua mkonga, mlima nyuma yake, herufi T ndogo. Nikageuza, tai wa Kaiza. Rangi ilikuwa nyekundu kidogo kama dhahabu yenye shaba inavyokuwa. Nakwambia moyo ulikuwa unadunda kama wa mtu anayeposa.

Halafu akanimaliza. Akasema mwenyewe, kabla sijafungua mdomo: "Hakikisha kwanza, mzee wangu. Siku hizi matapeli ni wengi. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya NGC."

Nikaingiza. Sikuskani ule msimbo wa mraba (QR) kwenye lebo, hapo nilikuwa na akili bado. Niliandika anwani ya NGC mwenyewe, nikaandika namba tarakimu kwa tarakimu. Ikakubali. Afrika Mashariki ya Mjerumani, Rupia 15, 1916 T, AU 58. Kila kitu sawasawa na lebo. Chini yake kulikuwa na sehemu ya picha, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Bando langu lilikuwa limebaki kidogo. Yeye akanimiminia chai, akaniuliza habari za mzee marehemu. Nikafunga simu.

Nilifunga simu kwa mkono wangu mwenyewe. Picha ilikuwa inakuja!

Alitaka milioni 6 na nusu. Nikamshusha hadi 5, na nikajiona mjanja, maana sarafu hii halali kwa gredi ile inakwenda dola elfu kadhaa, mnajua. Nikatoka nje nikatoa pesa kwa mawakala wawili, na ile nusu asilimia ya kodi ya kutoa pesa za simu nikakatwa, kwa hiyo hata serikali imekula kwenye aibu yangu. Alihesabu noti mbele yangu, akanibusu mkono. Akanibusu mkono, huyo mbwa!

Usiku nyumbani, mtandao wa jirani una nguvu, nikarudi kwenye ile namba nijifurahishe tu. Picha ikafunguka. Mnajua upande wa tai kuna lile pambo la majani, na ncha yake ya kulia kuna sarafu inaishia chini ya T ya OSTAFRIKA, na kuna nyingine inaishia chini ya A inayofuata. Aina zote mbili ni halali, zote zilitoka Tabora. Ila sarafu moja haiwezi kuwa zote mbili. Ya kwenye picha inaishia chini ya T. Yangu, nikaleta lenzi, nikaleta tochi, nikafuta kasha kwa shati, yangu inaishia chini ya A. Tena ya kwenye picha ina mkwaruzo mfupi nyuma ya sikio la tembo. Yangu hapo ni laini kama sabuni.

Yaani namba ni ya kweli, sarafu ya kweli ipo kwa mtu fulani huko duniani, na hawa wameinakili lebo yake tu. NGC hawana kosa hapa, msianze kuwatukana.

Jumapili nilijidanganya kwamba labda picha imekosewa. Jumatatu nikaenda kwa sonara. Kijana wake alichomeka bisibisi kwenye ukingo, kasha likafunguka kama ganda la karanga, na ndani ya mfereji kulikuwa na utando wa gundi. Kasha halisi huunganishwa kwa mtetemo, ulivunje kwa nyundo na jasho. Mizani ikasoma gramu 4.6. Inatakiwa 7.17. Sonara hakusema kitu, alinitazama tu, akaisugua kwenye jiwe, akadondosha tone la asidi. Mstari ukachemka, ukawa kijani. Shaba nyeupe na bati sijui, imepakwa dhahabu juu juu. Akakataa hata kunilipisha. Ningependa angenilipisha.

Sasa huyu mtu anatakiwa kukamatwa. Si kuonywa, si kurudisha pesa halafu yaishe kwa mzee wa mtaa, hapana, akae ndani. Nimeshaandikisha polisi, kasha nimewaachia pamoja na sarafu, nimebaki na picha. Wakimpata, naomba waniite nimtazame machoni, nimuulize huyo babu yake Keya anaitwa nani. Mtu anayetumia marehemu wa watu kuuzia bati hafai hata kusamehewa Ijumaa. Angekuwa zamani kambini, wazee wangemchapa mbele ya gwaride.

Dalili zilikuwepo, nakubali, nimeziona baada ya kulia. Sarafu ilikuwa inatikisika ndani, ukiinamisha unaisikia. Herufi za lebo nene kidogo, kama zimelowa. Ile hologramu ya nyuma haibadiliki ukiizungusha, inang'aa tu kama karatasi ya peremende, lakini chini ya taa ile ya manjano utaona nini? Nendeni mchana, juani. Subirini picha ifunguke, nunueni bando, bando ni bei gani jamani! Kisha linganisheni mikwaruzo, msilinganishe maandishi, maana maandishi ndiyo wanayonakili. Sumaku haisaidii kitu hapa, ya kwangu haikunasa. Na ukiwa na kasha lako la NGC la zamani la kizazi kilekile, nenda nalo uyaweke pamoja. Mimi ninalo, lilikuwa kabatini nyumbani.

Na hilo la mjomba wa Marekani: mtu aliyekwisha kulipa sarafu ipimwe, kwa nini asiiuze hukohuko kwa dola? Nilijiuliza swali hilo ndani ya teksi nikirudi, nikalijibu mwenyewe, kwa niaba yake, vizuri kabisa.

Namba yake ya simu imezimwa. Ni mtu mzima wa makamo, mwembamba, amenyoa, anavaa koti la kaki, anakuita "mzee wangu" kila sentensi. Aliniambia pia ana zile za fedha za 1969 za ujio wa Papa Paulo, ile kubwa ya shilingi 30, nazo zimefungwa. Kama kuna aliyeahidiwa hizo, avunje miadi leo.

Nilikuwa nataka kuishia hapo, ila asubuhi hii kaka mmoja wa Mbale amenitumia picha, ameuziwa wiki mbili zilizopita, akiniomba nimwambie ni halali. Kasha lilelile, AU 58, pambo chini ya A. Nikakuza picha nisome namba ya cheti. Ni namba yangu. Bado sijamjibu.