Gari jepesi la michezo: pesa ianzie wapi, iishie wapi

Mwenye Mazda MX-5, Lotus Elise, Toyota GT86 au Caterham ana bahati moja ambayo mwenye gari zito hana: vitu vinavyomlipa zaidi ni vya bei ndogo. Bahati mbaya, havina mvuto. Hakuna anayemwonyesha rafiki yake chupa ya mafuta ya breki, ila turbo na rimu za inchi 18 kila mtu atainama kuzitazama. Mpangilio huu wa nini kinunuliwe kwanza ni wa mtu anayekwenda kazini na gari lilelile analolipeleka saketi (uwanja wa mbio za magari), kisha analiendesha kurudi nyumbani. Gari linalobebwa kwenye trela lina hesabu zake.

Tuanze na hesabu moja, maana ndiyo inayopanga orodha yote. Gari la kilo 900 likiwa kwenye mwendo wa kilomita 160 kwa saa lina nishati ya takriban kilojuli 890. La kilo 1,500, kwa mwendo huohuo, lina karibu 1,480. Ukikanyaga breki, sehemu kubwa ya nishati hiyo hugeuka joto kwenye diski, kona baada ya kona. Wepesi wa gari lako umeshapunguza kazi hiyo kabla hujanunua chochote, kwa hiyo kalipa (vibanio vinavyosukuma pedi kwenye diski) za pistoni sita zinatibu ugonjwa ambao gari halina.

Nafasi ya kwanza: mafuta ya breki

Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya unyevu taratibu, hata gari likiwa limeegeshwa. Kiwango cha DOT 4, moja ya ngazi za kiwango cha Marekani cha mafuta ya breki, kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi 155. DOT 5.1 huanzia 260. Mafuta ya mashindano, kama Motul RBF 600 na Castrol SRF, yanavuka 300 yakiwa mapya. Yakichemka ndani ya kalipa, mvuke unajaa kwenye paipu, na mvuke hubonyea. Pedali inazama hadi sakafuni na gari halisimami. Barabarani unaweza kuishi miaka bila kulijua hilo, lakini saketi itakuonyesha baada ya mizunguko michache.

Ukiwa unakwenda saketi mara chache, nunua DOT 4 ya mashindano ya bei ya kati na uibadilishe mara nyingi. SRF ni ghali, ila inahimili unyevu vizuri zaidi, hivyo inamfaa asiyependa kutoa upepo kwenye breki kila baada ya safari. Usinunue DOT 5 kwa kudhani ni ngazi ya juu ya DOT 4: hiyo ni ya silikoni na haichanganywi na hizi nyingine.

Ya pili: pedi

Hapa ndipo watu wengi hununua kupita kiasi. Pedi za mashindano halisi hushika vizuri zikiwa za moto. Asubuhi ya baridi, kwenye taa za kwanza za barabarani, zinateleza, zinapiga kelele na zinakula diski. Kwa gari la kilo 1,000, pedi za kati kama Ferodo DS2500 zinatosha barabarani na kwenye mizunguko mifupi. Ukianza kunusa harufu ya pedi kuungua na kuona breki inahitaji mguu mzito zaidi, ndipo upande ngazi. Wakati huo ni nafuu kuwa na seti mbili, ya barabara na ya saketi, kuliko kutafuta seti moja inayodai kuweza yote.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski: breki kadhaa za nguvu inayoongezeka bila kusimama kabisa, kisha mwendo wa taratibu zipoe. Na ukitoka saketi, usivute breki ya mkono diski zikiwa bado za moto.

Ya tatu: tairi

Nimeziweka tairi ya tatu na najua wapo watakaopinga, kwa kuwa hakuna kitu kinachopunguza muda wa mzunguko kama tairi. Sababu yangu ni kwamba tairi bora hukufanya ufike kona kwa kasi zaidi, na kasi hiyo inatua kwenye breki ambazo hujazigusa.

Tazama namba ya uchakavu (treadwear) iliyoandikwa ubavuni. Karibu na 300 utakuta tairi kama Michelin Pilot Sport 4S: nzuri kwenye mvua, inadumu, na kwenye saketi inakuonyesha mapema kwamba inaanza kuteleza. Hiyo ndiyo ningemshauri dereva mgeni. Kwenye 200 wako Yokohama Advan A052 na Bridgestone Potenza RE-71RS, zinazoshika zaidi lakini zinaisha upesi. Kwenye 100, mfano Toyo R888R, umekaribia tairi za mashindano, na kurudi nyumbani kwenye mvua kubwa ni kazi ya kukaza macho. Gari jepesi huanza kuelea juu ya maji mapema kuliko zito lenye tairi za upana uleule.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana: gari jepesi hupata shida kuipasha tairi joto. Tairi pana mno, au ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya gari la tani moja na nusu, itabaki baridi na kukunyima kile ulicholipia. Baki karibu na saizi ya kiwandani. Elise za kwanza zilivaa inchi 15 mbele na 16 nyuma, na hakuna aliyesema hazikati kona.

Soma pia tarakimu nne za tarehe: 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Tairi ya mashindano iliyokaa stoo miaka mitano si punguzo la bei. Upepo upime ikiwa ya moto, mara tu unapotoka kwenye mizunguko, maana huweza kupanda psi tano au zaidi.

Ya nne: bushi, boljointi, kisha alaimenti

MX-5 za kwanza zilitoka 1989. Kama mpira wa bushi, vile vipira vya kwenye viungo vya sespensheni, ni wa umri huo, shokapu mpya zitakuwa zinafanya kazi juu ya kitu kinachonesanesa. Kwenye Elise, kagua vile viungo vya nyuma vinavyoshikilia mwelekeo wa gurudumu. Vinajulikana kuwa dhaifu vikitumika saketi, na vipo vya kubadilishia vilivyo imara zaidi. Baada ya hapo nenda kwa fundi wa alaimenti, anayepanga mwelekeo na mlalo wa magurudumu. MX-5 ina boliti za kurekebishia mlalo wa magurudumu mbele na nyuma, kwa hiyo hununui kifaa chochote. GT86 kwa mbele itahitaji boliti maalumu. Mlalo wa ndani wa nyuzi mbili hivi huokoa bega la nje la tairi bila kuharibu safari za kawaida.

Shokapu na oili

Shokapu nzuri zenye springi za kiasi, kama Bilstein, zina thamani kuliko seti ya bei rahisi yenye vitufe thelathini vya kurekebisha. Gari likishushwa mno, mkono wa sespensheni unafika mwisho na tairi inaruka kwenye kila bonde.

Oili badilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema, na ujaze hadi alama ya juu kabla ya kuingia saketi, kwa kuwa kona ndefu huisukuma mbali na bomba la kunyonyea. Elise zenye injini ya Toyota 2ZZ, zikivalishwa tairi zinazoshika sana, zinahitaji sampu (bakuli la oili chini ya injini) yenye vizuizi. Kipoza oili nunua baada ya kufunga geji na kuona joto linavuka nyuzi 130 mara kwa mara.

Kofia ngumu (helmeti) na nguzo ya kujikinga gari likipinduka sikuzipa namba, kwa sababu hazishindani na chochote hapo juu. Kofia iwe ya daraja la SA la Snell, taasisi inayopima kofia hizi, linalopimwa hata kwa moto, si la pikipiki. Mkanda wa pointi nne usifungwe kwenye gari lisilo na nguzo: unakushikilia wima paa likiporomoka.

Za mwisho: rimu na nguvu

Rimu nyepesi za saizi ileile, ndiyo, pesa ikibaki. Kubwa zaidi, hapana. Turbo huja na madai yake: klachi, rejeta, halafu breki zilezile ulizodhani umemalizana nazo. Egzosi haikuongezei kasi ya maana, na saketi nyingi hupima kelele. Uliza kikomo chao cha desibeli kabla hujalipa, maana ukizidi wanakurudisha getini.