Kitufe kimoja kiliua akaunti: uzoefu wangu na biro ya matangazo ya kripto hapa Lubumbashi

Nyota mbili, na zote ni za kijana wao wa video. Biro yenyewe, iliyo Kampemba, siitaji jina. Wanajijua.

Kilichotakiwa kutangazwa ni darasa letu: namna ya kufungua pochi ya kripto, yaani sarafu za kidijitali, kutunza maneno 12 ya siri yanayofungua pochi hiyo, na kutuma USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola, bila kukosea mtandao, maana ukituma kupitia mtandao usio sahihi pesa inaweza kupotea moja kwa moja. Hatununui sarafu, hatuuzi. Tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Facebook ilifunga matangazo ya kripto Januari 2018, ikalegeza Juni mwaka huohuo, na Desemba 2021 ikaongeza leseni inazozikubali kutoka 3 hadi 27. Soko la kubadilishia sarafu, mikopo ya kripto na mashine za kuchimba vinahitaji ruhusa ya maandishi kabla ya tangazo kupita. Masomo, habari na mikutano havihitaji, mradi husukumi mtu kununua chochote. Darasa letu lilikuwa upande salama wa mstari. Hili niliwaeleza siku ya kwanza, nikawaandikia na kwenye WhatsApp.

Makubaliano yalikuwa dola 400: 100 ya kazi yao, 300 ya matangazo, dola 20 kwa siku.

Siku ya tisa wakaongeza kitufe chini kabisa ya ukurasa, mahali mtu anapofika akibofya tangazo. Kitufe cha kijani: "Fungua akaunti, pata bonasi". Ukikishika kwa kidole, kiungo kinaonekana, na mwishoni mwake kuna "ref=" na msimbo ambao si wetu. Yaani kila mwanafunzi angejiandikisha kwenye soko la sarafu kupitia mgongo wetu, na kamisheni ingeingia kwao. Hawakuuliza. Hawakusema.

Sasa fahamu jinsi ukaguzi wa matangazo wa Facebook unavyofanya kazi. Mashine haisomi maneno ya tangazo tu. Inasoma picha, video, na ukurasa wenyewe. Tangazo likishapita linaweza kukaguliwa tena wakati wowote. Ukurasa uliokuwa somo ukawa mlango wa soko la sarafu, bila ruhusa, bila leseni. Siku ya kumi akaunti ya matangazo ikafungwa. Dola 200 zilikuwa zimetumika, 100 zimebaki mikononi mwao.

Nilipopiga simu, jibu likawa: "Mama, ile haiko kosa yetu, ni Facebook njo imefunga." Nikaomba waniingize kwenye Ads Manager, sehemu ya Facebook ya kuendeshea matangazo, nione mwenyewe sababu iliyoandikwa. Hapo ndipo bwana mmoja akasema neno ambalo hadi leo linanichoma: "Mama, ukiendaka ku restora, unaingiaka mu jikoni?"

Restora? Pesa ni yangu, ukurasa ni wangu, jina linalochafuka mjini ni langu! Mtu anayesema hivyo hastahili kushika hata dola moja ya mteja.

Niseme wazi jinsi inavyotakiwa kuwa. Akaunti ya matangazo, ukurasa wa Facebook na pikseli (kijisimbo kinachofuatilia wanaoingia kwenye tovuti) vinafunguliwa kwa jina la mteja, ndani ya akaunti ya biashara ya mteja. Biro inaongezwa kama mshirika, inapewa kazi ya kuendesha kampeni, basi. Mkiachana, unaitoa kwa kubofya mara moja, na historia yote ya pikseli inabaki kwako. Hawa waliweka kila kitu kwao, na ripoti zao zilikuwa picha za skrini zilizokatwa upande wa kulia, pale pale kwenye safu ya gharama kwa kila mesaji.

Jedwali kamili nilioneshwa mara moja, kwenye kompyuta yao, dakika kama kumi. Mibofyo 1,640. Nilitaka kufurahi, halafu nikasogeza macho. Kurasa zilizofunguka hadi mwisho: 390. Mesaji za WhatsApp: 31. Waliojiandikisha: 4. Dola 50 kwa mwanafunzi mmoja, na darasa lenyewe linalipiwa dola 15.

Pengo hilo lina sababu, na zote zinajulikana na mtu yeyote wa kazi hii. Walichagua lengo la kuleta mibofyo, na mashine inakupa kile ulichoomba: watu wanaobofya. Wakaacha nafasi za matangazo zijipange zenyewe, na mibofyo zaidi ya 1,100 ikatoka kwenye michezo ya simu, ambako mtoto anatafuta alama ya X afunge tangazo, kidole kinateleza. Wakaacha eneo kuwa Kongo nzima, kwa hiyo tangazo la Kiswahili likazunguka Kinshasa kwa watu wa Lingala. Na ukurasa wenyewe ulikuwa na uzito wa zaidi ya megabaiti 4 kwa sababu ya picha kubwa zisizopunguzwa. Mtu wa mtaa wa Katuba aliyenunua mega za siku hasubiri ukurasa wa namna hiyo, anarudi nyuma. Kwa bajeti ndogo hapa kwetu, lengo ni mazungumzo ya WhatsApp, eneo ni duara la Lubumbashi (angalia lisivuke mpaka upande wa Kipushi likaanza kula pesa Zambia), nafasi ni Facebook na Instagram tu. Na seti moja ya matangazo, si tano. Mashine inahitaji matokeo kama 50 kwa wiki ndipo itoke kwenye hatua ya kujifunza. Ukigawa dola 20 mara tano, hakuna seti itakayofika huko.

Lakini ile video. Lazima niiseme, hata kama hasira haijaisha. Sekunde 9: mkono wa mama unaandika maneno kwa kalamu ya bluu kwenye daftari la shule, moja hadi kumi na mbili, na sauti inasema, "Haya maneno, usiyapige foto." Maandishi makubwa chini, kwa sababu wengi wanaangalia bila sauti. Hakuna sarafu za dhahabu zinazoruka, hakuna mshale unaopanda, hakuna "faida kila siku". Katika nchi ambayo wazee bado wanaikumbuka Bindo ya 1991, ule mchezo wa kuahidi faida kubwa uliowapotezea watu akiba zao, ahadi ya faida inafukuza mtu mwenye akili na kumwita yule utakayegombana naye kesho. Kijana yule alilielewa. Tena alipanga mesaji iwe imeandikwa tayari, "Nimeona video ya daftari", ili kila anayefika WhatsApp ajulikane ametokea tangazo gani. Kati ya mesaji 31, 26 zilikuwa na maneno hayo. Kwa kazi hiyo peke yake ningewapa nyota nne, na kuna asubuhi nilikaribia kuwasamehe.

Halafu wakaja na suluhisho lao: tufungue akaunti nyingine kwa kitambulisho cha mtu mwingine, na tuweke mtego kwenye ukurasa, mkaguzi aone somo la kawaida, watu waone kitufe. Hiyo ni kudanganya mkaguzi, na adhabu yake haifungi akaunti moja. Inaweza kufuata kadi ya benki, anwani ya tovuti, na akaunti binafsi ya kila msimamizi aliyeguswa. Njia ya halali ilikuwepo: toa kitufe, omba ukaguzi upya, eleza kwa sentensi mbili kuwa ni masomo. Hata Telegram ingewezekana, ambako maandishi ya tangazo hayazidi herufi 160 na unachagua chaneli zenyewe. Hawakuomba ukaguzi hata mara moja. Wakiomba, wangelazimika kueleza kile kitufe.

Kwa hiyo nyota ya pili naiondoa. Iliyobaki ni ya kijana wa video, na akitoka pale nitamfuata yeye. Dola 100 zilizobaki niliziomba kwa mesaji yenye picha ya risiti yao na picha ya ule msimbo wa "ref=". Alama mbili za bluu zipo tangu Jumatatu.