EPANET kwa msanifu wa kituo cha pampu: inapofaa na inapokoma

Msanifu wa kituo cha kusukuma maji huanza na maswali mawili: ni maji kiasi gani, na yapandishwe kimo gani. EPANET, programu ambayo Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani limekuwa likiitoa bila malipo tangu mwaka 1993, huyajibu maswali hayo vizuri kuliko programu nyingine yoyote niliyowahi kuitumia. Kwa mtandao wa maji safi unaofanya kazi kwa presha, sioni sababu ya kuanza na nyingine. Kwa kituo cha majitaka hali ni tofauti, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa nimeona matokeo yaliyo sahihi kabisa ya programu hii yakitumiwa kujengea kituo kisichofaa.

Nianze na maji safi. Unachora nodi (pointi ambapo mabomba hukutana au maji hutolewa), mabomba, matangi, vali na pampu, unaingiza mwinuko wa kila nodi pamoja na mahitaji yake ya maji, kisha programu inakokotoa presha ya kila nodi na mtiririko wa kila bomba, saa baada ya saa, kwa siku nzima au zaidi. Msuguano wa bomba unaweza kukokotolewa kwa kanuni ya Hazen-Williams, ya Darcy-Weisbach au ya Chezy-Manning. Uwezo wa kuona tangi likijaa usiku na kushuka asubuhi, huku pampu ikiwaka na kuzimika kwa masharti uliyoyaweka mwenyewe, unamwonyesha msanifu mambo ambayo hesabu ya saa moja ya matumizi makubwa haiwezi kumwonyesha.

Kuna dhana mbili za programu ambazo kila mtumiaji anapaswa kuzijua. Ukiipa pampu nukta moja tu ya mtiririko na kimo, programu huunda grafu nzima ya pampu, yaani inayoonyesha kimo kwa kila mtiririko, kwa kuchukulia kwamba kimo cha pampu isiyotoa maji ni asilimia 133 ya kimo ulichotaja, na kwamba mtiririko wa juu kabisa ni mara mbili ya ule uliotaja. Aidha, usipoingiza ufanisi wa pampu, hesabu ya umeme hufanywa kwa asilimia 75. Dhana hizi zinasaidia pampu inapokuwa bado haijachaguliwa. Zikisahaulika ndani ya modeli hadi siku ya kuandika ripoti, zinapotosha, hasa kwa majitaka, kwa sababu pampu ndogo zenye njia pana za kupitisha vitu vigumu mara nyingi haziufikii ufanisi huo. Grafu ya mtengenezaji iingizwe mara tu inapopatikana.

Toleo la 2.2, lililotolewa mwaka 2020, lilirekebisha jambo lililokuwa likinisumbua kwa muda mrefu. Kabla yake programu ilihesabu kwamba kila mtumiaji anapata maji yote anayoyahitaji hata presha ikiwa chini ya sifuri, na msanifu aliachiwa onyo tu. Sasa anaweza kuchagua hesabu ambayo maji yanayotoka hupungua kadiri presha inavyopungua, kama inavyotokea kwenye bomba halisi. Hata hivyo, tangi la EPANET bado ni tangi lenye uso ulio wazi, kwa hiyo anayesanifu mfumo wa kuongeza presha wenye tangi la hewa iliyobanwa atalazimika kulikokotoa tangi hilo kando.

Sasa majitaka. Chukua bomba la kusukumia lenye urefu wa mita 1,000 na mtiririko wa lita 20 kwa sekunde. Kwa kipenyo cha ndani cha milimita 150 na kigawo cha Hazen-Williams cha 130 (namba ya ulaini wa bomba: ikipungua, msuguano unaongezeka), msuguano unakula takribani mita 9.5 za kimo. Bomba lilelile likichakaa hadi kigawo cha 100, unakula mita 15.5. Kwa milimita 200, ukiwa na kigawo cha 130, msuguano unashuka hadi mita 2.4 hivi. Mtu anayeangalia gharama ya umeme peke yake atavutwa na bomba kubwa, na programu haitampinga. Lakini kasi imeshuka kutoka mita 1.13 kwa sekunde hadi 0.64, nayo desturi ya usanifu ni kutoshuka chini ya 0.6, ili mchanga na tope visitulie bombani. Akienda hadi milimita 250, kasi inakuwa 0.41, na bomba litaanza kujijaza tope. EPANET inaionyesha kasi hiyo kwa uaminifu. Kinachokosekana ni kujua kwamba maji haya yamebeba kitu.

Jambo la pili ambalo halimo kabisa ni ukubwa wa kisima cha kukusanyia majitaka. Kisima kikiwa kidogo, pampu huwaka na kuzimika mfululizo hadi mota inaungua. Hesabu yenyewe ni fupi: ujazo kati ya kiwango cha kuwasha na kiwango cha kuzima ni muda wa mzunguko mmoja, mara uwezo wa pampu, gawanya kwa nne, kwani hali mbaya kuliko zote ni pale majitaka yanapoingia kwa nusu ya uwezo wa pampu. Pampu ya lita 20 kwa sekunde inayoruhusiwa kuwaka mara sita kwa saa ina mzunguko wa sekunde 600, hivyo inahitaji meta za ujazo 3. Pampu mbili zinazopokezana zinaruhusu nusu ya hapo. Kituo kimoja nilichoitwa kukikagua kilikuwa na modeli nzuri ya mabomba na kisima ambacho hakuna aliyekifanyia hesabu hii ya mstari mmoja, na mota zake zilikuwa zimekwisha kubadilishwa.

Kisima nacho kisiwe kikubwa mno, wala bomba lisiwe refu na pana kupita haja, kwa sababu majitaka yanayokaa bila hewa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo hula zege na huweza kumuua fundi anayeingia kisimani. Hapa EPANET inasaidia kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Hesabu yake ya umri wa maji, iliyokusudiwa kwa maji safi, inaeleza pia majitaka yamekaa bombani kwa muda gani. Bomba la milimita 200 nililolitaja hubeba meta za ujazo 31. Usiku, majitaka yakiingia kwa lita moja kwa sekunde, inachukua karibu saa tisa kuyasukuma yote yatoke. Natamani watu wengi zaidi wangeitumia hesabu hiyo.

Mshindo wa maji, yaani wimbi la presha linalotokea mtiririko unapobadilika ghafla, pia uko nje ya programu hii. Umeme ukikatika ghafla, na kasi ya mita 1.13 kwa sekunde ikasimama katika bomba ambalo wimbi la presha hupita kwa mita 1,000 kwa sekunde, kimo kinaweza kuruka kwa takribani mita 115. EPANET huhesabu kila hatua kana kwamba mtiririko umetulia, kwa hiyo wimbi hilo halionekani popote kwenye matokeo. Vivyo hivyo haikagui kama pampu ina presha ya kutosha upande wa kunyonya.

Kwa kisima chenyewe ninatumia SWMM, programu ya maji ya mvua na majitaka ya shirika hilohilo la Marekani, nayo haina malipo, kwa kuwa pampu zake hupewa kina cha kuwaka na kina cha kuzimika, na mtu anaweza kuhesabu ni mara ngapi zimewaka katika siku ya mvua. Bomba la kusukumia huliacha kwa EPANET, na mshindo wa maji huupeleka kwenye programu iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo kabla sijaandika daraja la bomba, yaani presha linayoweza kuhimili, kwenye michoro.