Tangazo la televisheni au simu kwa bibi?

California, Novemba 2008: watetezi wa ndoa za jinsia moja walimwaga mamilioni ya dola kwenye matangazo ya televisheni. Wapenzi wenyewe walionekana kwa nadra. Pendekezo la 8, lililozipiga marufuku ndoa hizo, likapita kwa asilimia 52 ya kura za wananchi.

Ayalandi, Mei 2015: watu walibisha hodi mlango kwa mlango, vijana wakawapigia simu bibi zao. Kwenye kura ya maoni kuhusu ndoa hizo, asilimia 62 wakasema ndiyo.

Nchi ni mbili tofauti, najua. Tangazo hufikia wengi kwa usiku mmoja, ila haliulizwi swali. Mimi nachagua mazungumzo. Bibi anaweza kukasirika, kunyamaza, kisha kesho akapiga mwenyewe: "Mjukuu wangu, hebu nieleze tena." Kujieleza hivyo kunaumiza, kwa hiyo asilazimishwe mtu.