Ofisi ya kikundi cha mwani ndani ya flashi: miaka mitatu na PortableApps

Kikundi chetu cha mwani hakina kompyuta, na kwa bei tunayouzia kilo sasa sioni lini kitakuwa nayo. Lakini mie ndiye katibu. Lazima niwe na daftari la mzani, orodha ya wanachama 34, hesabu ya nani kachukua kamba kwa mkopo, na barua za kumpelekea afisa wa ushirika. Bamvua, yale maji yanayojaa na kutoka sana, likipamba moto sote tumo baharini tangu maji yanapotoka. Maji mafu, siku ambazo bahari haitoki sana, yakiingia ndipo napanda gari kwenda Konde, Wete au Chake Chake, hapahapa Pemba, kokote nitakakopata kompyuta ya kukalia saa mbili.

Kompyuta za kuazima hazikunipa tabu kuzipata. Kuna ya maabara ya skuli anakofundisha shemeji yangu, kuna ya duka la steshenari Chake, na kuna laptopu ya kaka yangu akija kutoka Unguja. Tabu ni kwamba kila moja ina yake. Ya skuli haina programu ya majedwali na ukitaka kusakinisha chochote inadai paswedi ya msimamizi, ambaye hukaa mjini. Ya dukani ina Word ya zamani mno. Ya kaka imejaa michezo ya watoto na nafasi haipo. Mara ngapi nimeshuka kwenye gari na daftari langu mkononi nikarudi nalo vilevile, nauli imekwenda.

Aliyenitoa hapo ni mtoto wa dada yangu, anayesomea kompyuta Unguja. Alinijazia flashi ya gigabaiti 32 akaniambia, "Khaloo, humu usisakinishe kitu popote. Chomeka, fungua, fanya kazi, funga, chomoa." Alichokuwa ameweka ni PortableApps.com. Ni menyu moja inayokaa ndani ya flashi, na humo unachagua programu unazotaka. Mwenye kazi hiyo ni Mmarekani John T. Haller, aliyeanza mwaka 2004 kwa kuifanya Firefox iweze kutembea kwenye flashi. Leo programu zilizomo ni mamia, na kuzishusha ni bure. Za kwangu ni tano tu: LibreOffice ya barua na majedwali, Firefox, SumatraPDF ya kusomea PDF, 7-Zip ya kubania na kufungulia mafaili, na KeePass ya kutunzia paswedi.

Nilichukua muda kuelewa kwa nini inafanya kazi, na nadhani kila anayetaka kuitumia aelewe hili kabla. Programu ya kawaida ukiisakinisha kwenye Windows hutawanya vitu vyake. Faili zake huenda Program Files, mapendeleo yako huenda AppData, na maelezo mengine huandikwa kwenye rejista, yaani daftari la ndani la mapangilio ya Windows. Ndiyo maana hudai ruhusa ya msimamizi, na ndiyo maana haihamishiki. Programu ya kubebeka, kama hizi za kwenye flashi, huviweka vyote kwenye folda moja. Ndani ya folda hiyo mna App, ambamo mna programu yenyewe, na Data, ambamo mna vitu vyako. Kuna programu ambazo haziwezi kuishi bila rejista. Hizo hupewa kizinduzi, yaani programu ndogo ya kuziwashia, kinachoandika maelezo yake pale unapofungua, na unapofunga kinayachukua kuyarudisha kwenye flashi na kumwachia mwenye kompyuta rejista yake kama ilivyokuwa. Kizinduzi hichohicho hurekebisha njia za mafaili, maana flashi leo inaitwa E, kesho kompyuta nyingine inaiita G.

Kwa hiyo ukichomoa flashi programu ikiwa wazi, umekikatiza kizinduzi katikati ya kufagia. Nilifanya hivyo mara moja Chake, gari ya mwisho ilikuwa inapiga honi. Safari iliyofuata LibreOffice ilinifungukia kwa malalamiko, na mapangilio yangu ya kurasa yalikuwa yamepotea. Tangu siku hiyo nafunga kwanza programu, kisha menyu, kisha naiambia Windows iitoe flashi kwa salama. Gari ikienda na iende.

Kabla ya kuhamia LibreOffice nilijaribu njia ya mkato ambayo najua wengi wataijaribu. Kwenye mafunzo fulani tulipewa programu ndogo ya hesabu za vikundi, ikasakinishwa kwenye kompyuta ya skuli na msimamizi mwenyewe. Niliipenda. Nikaichukua folda yake yote kutoka Program Files nikainakili kwenye flashi, nikaona nimemaliza. Dukani ilikataa kufunguka, ikasema kuna faili la dll halipo. Kwa kaka ilifunguka, lakini orodha ya wanachama ilikuwa tupu! Majina yote 34 na mikopo yao yalibaki kwenye AppData ya kompyuta ya skuli. Nilikaa na ubaridi tumboni mpaka nilipoyakuta salama siku ya pili.

Mpwa wangu akanieleza kuwa ipo njia ya kuigeuza programu iliyosakinishwa iwe ya kubebeka. Unachukua kompyuta safi, unapiga picha ya hali yake yote, mafaili na rejista. Unasakinisha programu. Unapiga picha ya pili. Tofauti ya picha mbili hizo ndiyo programu yenyewe, na hufungwa kwenye faili moja linalojidanganya kuwa limesakinishwa. ThinApp ya VMware ilijulikana sana kwa kazi hii. Aliijaribu hivyo ile ya hesabu, na ikafunguka kila mahali, orodha zikaonekana. Mashine ndogo ya kuchapia risiti ndiyo iliyogoma. Draiva ya mashine, yaani programu inayoiwezesha kuelewana na kompyuta, huingia ndani kabisa ya Windows, na kitu cha hivyo hakifungiki kwenye faili la kutembea nalo. Na bado kuna suala la leseni: mwenye programu anaweza kuwa hakuruhusu igeuzwe. Tukaacha. Nilizihamisha hesabu zote kwa mkono kwenye majedwali ya LibreOffice, ikanila maji mafu mawili mazima, na sijutii hata dakika moja.

LibreOffice ndiyo iliyonifunga moyo. Nilishusha toleo la lugha zote, ambalo ni kubwa zaidi, kwa sababu lina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Barua zangu hazina tena mistari myekundu chini ya kila neno kana kwamba Kiswahili chote ni makosa. Kazi ya kukiingiza Kiswahili kwenye programu za ofisi ina miaka. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu ya ofisi OpenOffice, na LibreOffice imechipuka kutoka shina hilohilo la OpenOffice mwaka 2010. Nikiandika "wanamwani" bado hailijui, nimeliongeza mwenyewe, nalo linakaa kwenye folda ya Data na kunifuata kila ninakokwenda.

Umeme nao. Siku moja Wete ulikatika nikiwa katikati ya hesabu za msimu, sijahifadhi kwa dakika kama kumi. Uliporudi nikafungua, LibreOffice ikaniuliza kama nataka kurejeshewa. Ilikuwa imejiwekea nakala yake ndani ya flashi yangu. Nilipoteza mistari miwili ya mzani, basi.

Sasa kasoro, na nazisema kwa sababu nimezilipia kwa muda wangu. Kwanza ni uzito. LibreOffice ni mamia ya megabaiti yaliyogawanyika kwenye maelfu ya mafaili madogomadogo, na flashi za bei rahisi haziwezi mafaili madogo. Kwenye mlango wa USB 2.0 wa kompyuta ya skuli naingoja zaidi ya dakika nzima kufunguka. Flashi ya USB 3.0 kwenye mlango wa buluu ni kitu kingine kabisa. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua flashi nzuri.

Pili, ukibofya faili lenyewe mara mbili, Windows italifungua kwa programu ya mwenye kompyuta, au itasema hailijui. Lazima uanzie kwenye menyu, ufungue LibreOffice, ndipo ulitafute faili kutoka humo. Mweka hazina wetu hili lilimkwaza wiki kadhaa. Na usingoje menyu ijitokeze yenyewe ukichomeka. Microsoft waliizuia tabia hiyo kwa flashi tangu Windows 7, kwa sababu ya virusi. Unafungua flashi, unabofya Start.

Virusi ndio hofu yangu kubwa. Kwenye kompyuta moja ya kulipia, folda zangu zote ziligeuka njia za mkato za Windows (shortcut). Vitu havikufutwa, vilifichwa tu, na mpwa wangu alivirudisha kwa amri ya Windows iitwayo attrib. Lakini flashi inayotembea kompyuta tano kwa wiki inaweza kubeba ugonjwa kutoka moja kwenda nyingine, na mie sitaki kuwa mtu wa kuambukiza maabara ya skuli. Kwa hiyo naikagua kila Ijumaa kwenye laptopu ya kaka akiwepo. KeePass hulifunga faili la paswedi kwa usimbaji, hivyo flashi ikipotea sina wasiwasi nalo. Wasiwasi wangu ni kompyuta inayorekodi ninachobonyeza, na ndiyo maana paswedi ya pesa za kikundi siifungui dukani kabisa.

Jambo la mwisho kwa anayeanza: chukueni programu hizi kwenye tovuti ya PortableApps au kwa watengenezaji wenyewe. Zinazunguka flashi zenye "Word ya kubebeka" isiyolipiwa, zinapitishwa mkono kwa mkono, na hakuna ajuaye nani kaifungua akatia nini ndani. Na programu hizi za PortableApps hazifanyi kazi kwenye simu. Hizi ni za Windows.

Nakala ya folda yangu nzima iko kwenye flashi ya pili, anayo mweka hazina, kafungia ndani ya kasha la nguo zake Tumbe. Mwezi uliopita nilikuwa nauguza, akaenda yeye skuli, akachomeka ya kwake, akaandika mzani wa wanachama wote na kuuprinti bila kunipigia simu hata mara moja.