TAHADHARI: Muuza Commodore 64 "haijawahi kufunguliwa" ni tapeli, msimtumie hata senti

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira. Yule jamaa anayeuza kompyuta ya zamani ya nyumbani, "Commodore 64 ya mwaka 1983, seti kamili, haijawahi kufunguliwa", ni mwizi. Sisemi amechelewesha mzigo, sisemi amekosea kufungasha. Mwizi. Kala hela yangu yote, kaniletea ganda, na sasa simu hapokei na ujumbe wangu haumfikii.

Najua kuna wanaosubiri kuniambia "tulikwambia". Kabla hamjaanza, sikilizeni alivyonikamata, maana hata ninyi asingewaacha.

Huyu mtu mashine hizi anazijua. Nilipomuuliza habari za adapta nilidhani namtega, kumbe yeye ndiye akaniwahi: "Ile ya zamani usiichomeke kabisa, ikichoka ile volti 5 inapanda, inachoma RAM." Ni kweli tupu, na kila aliyewahi kuua mashine kwa lile dude zito jeusi anajua. Sasa niambieni, mwizi gani anakuonya usije ukaunguza mali anayokuuzia? Tukaingia kwenye sauti. Kwa nini nataka yenye 6581, lile toleo la zamani la SID, chipu ya sauti, na si nyingine mnajua, sirudii. Akamtaja Bob Yannes aliyeisanifu hiyo SID, akasema baadaye ndiye aliyekwenda na wenzake kuanzisha Ensoniq, kampuni ya vyombo vya muziki vya kielektroniki, akanieleza kwa nini filta za 6581 mbili hazitoi mlio unaofanana. Usiku ukawa mkubwa tunaongelea kaseti, jinsi ulivyokuwa unachukua bisibisi ndogo unazungusha ile skrubu ya kichwa cha Datasette, ile mashine ya kaseti ya Commodore, kidogo kidogo mpaka gemu likubali kupanda. Hilo halijui mtu aliyesoma juzi. Nikasema huyu ni mwenzetu.

Nikaomba video. Akaileta upesi, wala hakusita.

Inaanza kwenye kibodi, vile vitufe vya kahawia, na RESTORE ina kovu la kuungua ubavuni, kama kuna mtu aliwahi kuegesha sigara pale. Kamera inapanda kwenye skrini: bluu, maandishi ya bluu hafifu, 64K RAM SYSTEM, 38911 BASIC BYTES FREE, READY, na kile kimraba kinapepesa. Vitufe vinasikika vikigongwa, inaandikika LOAD"*",8,1, inatokea SEARCHING FOR *. Kamera inashuka kwenye draivu ya diski ya 1541, taa nyekundu imewaka, inakoroma ule mkoromo wake. Kamera inarudi juu, na muziki huo. Sauti tatu, besi inakwaruza mpaka kwenye meno. Niliirudia ile video hadi watu wa nyumbani wakaniomba nivae spika za masikioni.

Nani hapo asingelipa? Akasema tusipitie malipo yenye ulinzi kwa sababu ya makato, na makato hayo akayapunguza kwenye bei, "wewe ni wa nyumbani". Nikatuma.

Mzigo umefika. Nikachomeka adapta mpya, ile mliyonishauri. Skrini nyeusi. Zima, washa. Nyeusi tii. Nikaipindua. Skrubu tatu za chini zimeliwa vichwa, moja imechubuka hadi bisibisi inateleza. Haijawahi kufunguliwa, eti! Ndani, soketi ya PLA, chipu inayoongoza kumbukumbu, ipo wazi, na CIA moja, chipu ya kuingiza na kutoa data, imeng'olewa. Bila PLA hata picha huoni, hiyo mashine ni boksi la plastiki tu. SID nikaiona ipo, nikashusha pumzi kidogo. Nikasogeza taa. Imeandikwa 8580, toleo la baadaye la SID, wino mweupe unang'aa kama wa jana, na tarakimu za tarehe zinaishia na 83. 8580 ya mwaka 1983! Chipu yenyewe ilikuja kwenye matoleo ya nusu ya pili ya miaka ya 80. Nikachovya pamba kwenye asetoni, nikapitisha mara moja, maandishi yote yakahamia kwenye pamba. Chini yake pamesagwa, hata huwezi kujua ilikuwa chipu ya nini. Na tuseme ingekuwa 8580 halali: ubao huu wa zamani unapeleka volti 12 mahali ambapo chipu hiyo inataka 9. Yaani mtu aliyenihubiria umeme usiku kucha ndiye aliyepachika kitu hicho kwa mkono wake.

Draivu sitaki hata kuiongelea.

Huyu afungiwe kila mahali. Akaunti yake ifutwe, na akirudi kwa jina lingine ifutwe tena. Mimi nimeshapeleka risiti za malipo na mazungumzo yote polisi, na mwingine aliyelizwa naye apeleke ya kwake ili mafaili yawe mengi mezani. Mtu anayeng'oa PLA na CIA kwenye mashine ya miaka arobaini akauze vipande, halafu ganda akamuuzie mtu kwa kumkumbusha utoto wake, huyo asiuziwe hata waya wa televisheni.

Haya, dalili, kwa haraka, kwa sababu kuna watu wameniambia wanaongea naye sasa hivi. Kwenye video zake kibodi na skrini havikai pamoja hata mara moja. Ile taa nyekundu ya POWER, kulia juu ya vitufe, haionekani ikiwaka popote. Nimeitafuta fremu kwa fremu. Herufi zimekatika kali mno, hazina ule ukungu wa televisheni, ile ni emuleta, programu ya kuiga Commodore, kwenye kompyuta ya kisasa, na 38911 kila emuleta inaionyesha. Sauti imebandikwa. Picha ya ubao hakupi: kwangu alisema stika ya kiwandani itachanika. Mwambieni aweke karatasi yenye jina lako juu ya kibodi huku skrini inawaka nyuma yake, mtasikia visingizio. Na makato, makato, hakosi kulalamikia makato. Na kama mnaweza kumchelewesha huku mnahifadhi anayoandika, mcheleweshe, polisi wanataka mazungumzo yenye tarehe.

Kitu kimoja zaidi. Kompyuta niliyoletewa RESTORE yake ni safi, haina kovu lolote. Kwa hiyo ile yenye alama ya kuungua ni ya mtu mwingine, na picha zake ameibiwa. Mwenye nayo akiona hapa aniandikie faraghani, nazihitaji picha zako za asili kwenye faili la kesi.