Kipoza oili cha nje cha giaboksi: kwa anayevuta karavani milimani, kifunge

Kama unavuta karavani na gari yako ni otomatiki, alafu njia zako zina milima mirefu, hiki kifaa mi nakipa nyota nne na nusu kati ya tano, ile nusu nimeikata kwa sababu ya vitu vilivyokuja nacho kwenye boksi, ntaeleza hapo chini. Nazungumzia kipoza oili cha nje, ile aina ya sahani zilizopangwa pamoja sio ya bomba moja lililokunjwa kunjwa, kinakaa mbele ya rejeta na kina vali ya joto ndani yake, ile inayozuia oili isipozwe kabla haijapata joto. Nimekifunga pamoja na geji ya joto la oili ya giaboksi na kwa kweli hivi vitu viwili visitenganishwe.

Ujue kwanza joto linatoka wapi, maana wengi wanadhani ni gia zinasagana. Sehemu kubwa inatoka kwenye toki konvata, ile inayokaa kati ya injini na giaboksi mahali ambapo gari ya manyuo ina klachi. Humo ndani injini inasukuma oili na oili ndo inazungusha upande wa pili, sasa ukiwa kwenye mlima na mzigo nyuma, spidi imekufa, upande wa injini unazunguka haraka kuliko upande wa giaboksi na tofauti yote hiyo inageuka joto ndani ya oili. Konvata ikijifunga, ina klachi yake ndogo ndani, pande zote mbili zinaenda sawa na hilo joto linakata. Hapa ndo geji inarudisha hela yake, yaani unaona kwa macho: konvata ikiachia, namba ya joto inaanza kupanda, unashusha gia moja, resi zinapanda, konvata inakamata, namba inatulia. Injini italia lakini giaboksi iko salama. Madereva wengi wanaogopa resi, wanaiacha gari ijikokote na gia ya juu wakiamini wanaitunza kumbe ndo wanaipika!

Oili nyingi za otomatiki zinakaa vizuri kwenye nyuzi 80 mpaka 95 hivi. Mi ikifika 110 napunguza spidi, ikikaribia 120 natafuta pa kusimama. Mafundi wana kanuni yao, kwamba oili ikishazidi joto lake la kawaida, kila nyuzi kama 10 zinazoongezeka zinakata maisha yake nusu. Oili iliyoungua inakuwa ya kahawia, inanuka, sili za mpira zinakakamaa, klachi za ndani zinaanza kuslipu, na kuslipu kwenyewe kunazidisha joto, hapo safari ya kushusha giaboksi imeanza.

Matokeo sasa. Mzigo ule ule na milima ile ile, zamani namba ilikuwa inavuka 110 na bado inapanda, sasa hivi muda mwingi iko chini ya 100, na nilichopenda zaidi ni jinsi inavyoshuka haraka ukishamaliza kupanda. Lakini usitegemee miujiza ukiwa umekwama nyuma ya lori linalotambaa, kipoza kinaishi kwa upepo na pale upepo hamna. Alafu huko juu hewa ni nyepesi, inapoza kidogo, na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila mita 1000 unazopanda, kwa hiyo unakanyaga zaidi kwa kazi ile ile. Ukilazimika kusimama usizime gari hapo hapo. Weka P, vuta hendibreki, shikilia resi 1200 mpaka 1500 dakika chache, pampu ya oili inazungushwa na injini, ukizima oili ya moto inabaki imelala mle ndani.

Nilichokikatia ile nusu nyota: hizi tai za plastiki za kupitisha katikati ya vibati vya rejeta. Jamani msizitumie, gari ikitikisika zinasugua mpaka rejeta inatoboka, mwambie fundi akutengenezee vyuma vya kushikilia. Na hozi iliyokuja nayo ni laini mno, tafuta iliyoandikwa kabisa ni ya oili ya giaboksi, hozi ya petroli haifai kwa hii kazi. Oili ya moto ipite kwanza kwenye kile kipoza cha giaboksi kilichomo ndani ya rejeta, ndo iingie kwenye hiki cha nje, ndo irudi. Ile vali ya joto ilipie tu, asubuhi ya baridi oili ni nzito na inatakiwa ipate joto kabla ya kuanza kupozwa. Baada ya kufunga pima oili upya maana kipoza na hozi zinabeba oili yao, na kama gari yako haina stiki ya kupimia, fundi apime kwenye joto lililotajwa na kitabu cha gari, asikisie.

Kabla hujanunua chungulia nyuma ya grili, magari mengine yanatoka kiwandani na kipoza tayari, hapo nunua geji peke yake kwanza uone namba zinasemaje. Na ujue kipoza hakiongezi hata kilo moja kwenye uzito ambao gari imeruhusiwa kuvuta.